Viatu vya Shanga Nilivyovipeleka Zhanxi

Kazi yangu hapa Guangzhou ni kutembeza watu. Wafanyabiashara wanaokuja kutoka Dar es Salaam na Zanzibar hunitafuta kabla hawajapanda ndege. Nawapokea, nawatafutia chumba Xiaobei, asubuhi nawapeleka Zhanxi kwenye viatu au Shahe kwenye nguo, nazungumza na wenye maduka kwa Kichina changu cha sokoni, na mzigo ukishafungwa naufikisha kwa wakala wa kago. Nimeifanya kazi hii miaka tisa, na katika miaka hiyo nimevijua viatu. Nikikishika kimoja naweza kukwambia soli yake ni ya nini na kitastahimili mvua ngapi. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu mtu asiyejua viatu angeweza kusamehewa kwa nilichokifanya, na mimi sikuwa mtu huyo.

Kwenye ofisi ya kago ninayoitumia alikuwako binti mmoja aliyeandika makaratasi ya mizigo. Kwao ni Melaka, nchini Malaysia. Alilelewa na bibi yake mzaa mama, akaja Guangzhou kusoma, akapata kazi, kisha akapata mchumba, kijana wa hapa hapa. Alipoona hatarudi tena kwao, akamleta bibi yake waishi pamoja kwenye fleti ya ghorofa ya tisa, mwendo wa dakika kumi kutoka Xiaobei. Siku moja, huku akigonga mihuri, akaniomba kitu kilichonishangaza. Alisema bibi yake anashinda peke yake tangu asubuhi mpaka jioni, hana wa kuzungumza naye, je naweza kupita kumjulia hali?

Nikamuuliza kwa nini asizungumze na majirani. Akacheka, akasema bibi hajui Kichina.

Ndivyo ilivyokuwa. Yule mama alikuwa Mnyonya, wa ukoo wa Wachina waliohamia Melaka zamani sana wakaoana na wenyeji, wakapika kama Wamalay, wakavaa kama Wamalay, na lugha ya nyumbani ikawa Kimalay chao wenyewe na Kiingereza cha shule. Uso wake ulikuwa wa Kichina kabisa. Sokoni wauza mboga walimsemesha, akibaki kimya walimwona mwenye kiburi, wakamgombeza. Mie na weusi wangu nilikuwa nikiagiza kabichi kwa Kichina, na yeye amesimama nyuma yangu hajui la kusema. Tulilicheka sana jambo hilo, mimi na yeye.

Siku ya kwanza nilimwita Bibi, kwa sababu sikujua niseme nini kingine kwa mama wa umri ule. Akanambia kwa Kiingereza, lugha tuliyoelewana nayo, kuwa kwao wanawake watu wazima wa Kinyonya huitwa Bibik, na kwamba tangu aje China hakuna aliyemwita hivyo. Kuanzia hapo tukawa tunatafuta maneno. Yeye husema meja, mie meza. Yeye sabun, mie sabuni. Habari, dunia, wakati, bendera, yote alikuwa nayo, yamepinda kidogo tu mwishoni. Kila tulipokuta neno aligonga meza kwa kidole, kama mtu aliyekuta kifungo chake kilichopotea.

Nilizoea kwenda kwake siku mbili au tatu kwa wiki, wateja wangu wanapopumzika au wasipokuwapo kabisa. Nilimwambia mapema kwamba mimi ni Muislamu na chakula chao siwezi kukila chote. Juma lililofuata nilikuta sufuria mpya jikoni, ina utepe mwekundu kwenye mkono, akanambia hii ni yako, haijaingia nguruwe na haitaingia. Alinipikia humo kuku wa ukwaju na samaki wa pilipili, na nyama aliinunua kwenye bucha la halali alilonionesha mwenyewe, kwa furaha, kana kwamba mimi ndiye mgeni wa mtaa ule.

Basi kwenye nyumba hiyo ndipo nilipoviona viatu vya shanga vikitengenezwa.

Alikuwa na kiwambo cha mbao, kitambaa kigumu chenye vitundu vidogo kimetandazwa juu yake kikakazwa kwa uzi pande zote. Alishona ushanga mmoja mmoja, kila mmoja kwa pigo lake la sindano, mstari kwa mstari, akifuata mchoro wa vijumba kwenye karatasi. Sindano ilikuwa nyembamba hata nikiishika sikuihisi. Shanga zenyewe zilikuwa za mama yake, za kioo, zimekatwa pembe ndogo ndogo zinazorusha mwanga, amezitunza kwenye kopo la maziwa ya unga. Alisema za namna ile hazitengenezwi tena. Mchoro ulikuwa ndege wawili wanaotazamana na maua ya waridi katikati, juu ya rangi ya kijani hafifu. Vitambaa viwili, kimoja cha kila mguu. Kikimalizika hupelekwa kwa fundi viatu, naye hukivalisha kwenye soli na kisigino, kiatu kikawa cha wazi nyuma, cha kuchopeka mguu. Zamani kwao mwari hakuolewa bila kuonesha mkono wake kwenye shanga. Mjukuu hakujifunza. Kwa hivyo bibi alikuwa anamshonea viatu vya harusi, na harusi ilikuwa mwezi wa kumi.

Tatizo lilikuwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na aliona vizuri kidogo asubuhi tu, karibu na dirisha. Nikawa namtungia uzi sindano ishirini kwa mkupuo, nazichomeka kwenye kimto cha sponji, na namsomea mchoro: kijani nne, waridi mbili, nyeupe moja. Mengine aliyafanya kwa vidole. Akimaliza mstari alipitisha kidole gumba juu yake kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, na mara nyingine akasimama na kusema huu haulali na wenzake, akaufumua. Mie nilikuwa nimeukodolea macho na sijaona kosa.

Alimaliza mwezi wa nane. Siku hiyo alivitoa vitambaa kwenye kiwambo, akavilaza juu ya meza kwenye taulo jeupe, na sote watatu tukavitazama. Mjukuu akauliza fundi atapatikana wapi. Yule wa Melaka aliyewashonea miaka yote alikuwa amekwishafariki, na bibi hakutaka kuvituma kwa posta.

Nikasema, hilo niachieni mimi. Nilisema kwa sauti ya mtu mkubwa. Nikasema Zhanxi yote naijua, hakuna karakana nisiyoingia.

Bibi alinishika mkono akanipa masharti, na aliyarudia mara mbili. Ashone kwa mkono, si kwa mashine. Asikate kitambaa karibu na shanga, aache upana wa kidole. Gundi isipite upande wa juu. Halafu akasema, "Na wewe usimame pale pale mpaka amalize. Usimwache peke yake navyo."

Nikamwambia, "Nitasimama, Bibi."

Mwenye karakana niliyemchagua nilimjua miaka sita. Tunawaita wote laoban, yaani bosi, na huyu alikuwa laoban mwema. Alipovifungua vile vitambaa akawaita wafanyakazi wake waje waone. Kisha akanambia wazi kwamba fundi wake wa zamani, anayeweza kazi ya mkono, yuko kijijini kwake na atarudi Alhamisi. Ningoje. Ilikuwa Jumatatu. Na asubuhi hiyo walikuwa wameingia wateja wangu watano kutoka Dar es Salaam, wamekaa hotelini Xiaobei wananipigia simu kila baada ya dakika kumi, wanataka wapelekwe Shahe. Wiki nzima ilikuwa yao. Nikajiambia Alhamisi nitakosa nafasi. Nikajiambia hawa vijana wanashona viatu mia tatu kwa siku, jozi moja itawashinda nini? Nikamsukuma laoban afanye leo. Akakataa. Nikamsukuma tena, nikamkumbusha wateja wote niliomletea. Hatimaye akainua mabega.

Nilimpa masharti ya Bibi kwa Kichina changu, harakaharaka, na neno la kuacha upana wa kidole sikulijua. Nikaonesha kwa mkono. Halafu nikaondoka kwenda Shahe.

Niliporudi saa kumi na moja jioni viatu vilikuwa juu ya benchi, vimekwisha. Kutoka mlangoni vilipendeza. Nilipokaribia nikaona kitambaa kimekatwa sambamba na shanga, nyuzi za pembeni zimeanza kuachia. Mashine ilikuwa imepita ukingoni, na kila sindano ilipotua shanga zilikuwa zimepasuka. Kisha kijana wa zamu alikuwa amevitia kwenye mashine ya kukandamiza ili gundi ishike, kama wanavyofanya viatu vyote. Ndege mmoja hakuwa na kichwa. Katikati ya waridi palikuwa na unga wa kioo. Nilipokigeuza kiatu, shanga zikamwagika sakafuni, zikaingia kwenye vumbi la ngozi.

Laoban hakujitetea. Alinitazama tu, na sikuweza kumlaumu, maana alikuwa amekwishasema Alhamisi.

Sasa nifike mahali penyewe. Hadi hapo lilikuwa kosa, na kosa lina njia yake: ningechukua viatu vile nikapanda ghorofa ya tisa nikasema nimeviharibu. Nilikaa kwenye kiti cha karakana labda nusu saa nikiifikiria ile ngazi. Nikamwona Bibi akilini mwangu, ameketi dirishani. Halafu nikakumbuka kuwa ghorofa ya chini ya jengo lile kuna duka la mapambo ya viatu, maua na vipepeo vya shanga vilivyogandishwa kiwandani, na nikakumbuka pia kuwa Bibi haoni.

Nilishuka. Nikatafuta mpaka nikapata vipande vya ndege na maua vya kijani kinachokaribiana. Ndege hawakutazamana, walielekea upande mmoja. Nikampandishia laoban vile vipande, akanitazama tena kwa namna ile ile, akanitengenezea jozi nyingine kwa kipimo kile kile cha mguu. Siku ya pili nilivichukua. Vile vilivyoharibika nilivitia kwenye mfuko wa plastiki nikavisukuma chini ya kitanda changu.

Nilivipeleka Jumamosi asubuhi, mjukuu akiwa nyumbani. Akavitoa kwenye boksi, akaweka mkono mdomoni, machozi yakamlenga. Yeye kazi ile alikuwa ameiona nzima mara moja tu, siku ile mezani; siku nyingine zote aliiona kwenye kiwambo, nusunusu, na hakuwa mtu wa kutazama sana. Akampa bibi yake kimoja.

Bibi alikiweka mapajani. Akapitisha kidole gumba kutoka kushoto kwenda kulia. Kidole kikafika katikati, kikasimama. Kikarudi mwanzo, kikaenda tena. Mie nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jikoni. Mjukuu alimaliza kukivaa kile kingine, akatembea nacho mpaka dirishani na kurudi, na kidole cha Bibi bado kiko juu ya shanga.

Kisha Bibi akasema kwa lugha yake kwamba ni vizuri. Akainama kwa shida, akamvalisha mjukuu wake kiatu cha pili mwenyewe.

Nikajiambia hakujua. Njia nzima kuelekea kituo cha metro nilijiambia hivyo, na nilijua nasema uongo hata kwa nafsi yangu.

Harusini waliniweka meza ya jamaa. Bibi alikuwa amevaa kebaya yake ya bluu, blauzi ya Kinyonya, na kila aliyekuja kumsalimu alimwonesha mimi, akasema, huyu ndiye aliyenisaidia viatu. Watu walinishika mkono. Shangazi mmoja aliyetoka Melaka aliinama chini ya meza kuvitazama, akainuka bila kuvisifu, akaendelea kula. Mjukuu alitaka tupige picha sisi watatu, na mpigapicha akaomba viatu vionekane. Akaniambia nitabasamu. Picha hiyo ninayo, na nimeificha mahali nisipopafungua.

Baada ya harusi niliacha kwenda. Bibi alipiga simu, nikasema wateja ni wengi. Alipiga tena, nikasema nina mafua. Siku moja nilipopeleka mzigo ofisini, mjukuu akanipa bakuli lenye kifuniko. Akasema bibi amekupikia, na amesema nikwambie amekipika kwenye sufuria yako. Kilikuwa kuku wa ukwaju. Nilikaa nacho kwenye ngazi za jengo, watu wanapita na mikokoteni yao, nikafungua kifuniko, na sikuweza kutia hata tonge moja. Nilirudi chumbani, nikautoa ule mfuko chini ya kitanda.

Nilikwenda kesho yake asubuhi. Mjukuu alikuwa kazini. Bibi alinifungulia mlango, nikamsalimia, nikaweka mfuko juu ya meza na nikaanza kusema kwa Kiingereza kilichovurugika, nikianzia kwa wateja wa Shahe. Aliniacha niende mpaka mwisho. Aliingiza mkono mfukoni, akakitoa kiatu kimoja, akakipapasa.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini, Bibi?"

"Tangu pale pale. Hizo za kiwandani zinasimama ovyo ovyo. Zangu zote zinalala upande mmoja."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema siku ile ilikuwa ya mtoto, hakuwa na haki ya kumharibia kwa ajili ya hasira zake. Kisha akaniuliza kwa nini mimi sikusema. Nikajibu kwamba niliona aibu.

Akatikisa kichwa. "Hapana. Ungeona aibu ungekuja. Uliogopa tu. Na ulifikiri kwa kuwa sioni, hakuna kitu kilichotendeka."

Nililia, na kulia kwangu kuliniudhi mwenyewe, maana kulikuwa kama kumwomba anibembeleze. Hakunibembeleza. Alisubiri ninyamaze, halafu akanambia mambo mawili. La kwanza, nisimwambie mjukuu wake, si leo wala siku nyingine. Nikasema nataka kumwomba radhi. Akasema radhi hiyo itanipunguzia mimi mzigo na kumwongezea yeye, kwa hiyo nikae nayo. La pili, nivue viatu vyangu, ninawe mikono, niketi.

Tulizifumua shanga zilizopona. Asubuhi tatu mfululizo nilikata nyuzi kwa wembe, yeye akizipokea kwenye visahani, kijani kwao, waridi kwao. Zilizopasuka nilizitupa mimi, kwa mkono wangu, alitaka iwe hivyo. Hakuwa mkali. Hakuwa pia kama zamani. Nilikuta neno moja siku ya pili, alipoomba kitambaa cha kufutia: yeye alisema lap, mie nikasema kitambaa, hayafanani hata kidogo, na hakuna aliyecheka. Asubuhi ya tatu hazikufika hata nusu ya kopo. Akalifunga, akasema inatosha, sina haja ya kuja tena kwa kazi hiyo. Sikuelewa kama amenikataza kuja kabisa, na niliogopa kuuliza.

Mwezi wa pili akarudi Melaka kufanyiwa upasuaji wa macho, kwa yule shangazi. Sikumuaga. Nilisikia ofisini kwamba amekwishaondoka, na kwamba upasuaji umefanikiwa. Tangu hapo ananitumia salamu kupitia mjukuu, salamu fupi. Kila zikinifikia nafikiri kwamba sasa anaona, na picha ya harusi bila shaka anayo.

Mwaka huu, siku chache kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, mjukuu alinisimamisha ofisini baada ya kumaliza makaratasi. Alikuwa na boksi mkononi. Alisema anavivaa viatu vyake kila sikukuu, ila shanga zimeanza kutoka, sijui ni joto la hapa. Hataki bibi ajue kwamba ameshindwa kuvitunza. Je, naweza kuvirudisha kwa yule fundi wangu wa Zhanxi aliyefanya kazi nzuri vile?

Nilimtazama usoni, na neno lilikuja mpaka kwenye ulimi. Nikakumbuka nilichoambiwa nikalimeza.

Nilivichukua. Sikuvipeleka Zhanxi. Nilinunua sindano nyembamba, uzi na kitambaa cha vitundu kama kile cha Bibi, nikaketi karibu na dirisha la chumba changu wateja wakiwa wamelala mchana, nikabandua shanga za kiwandani na kuanza kuzishona moja moja juu ya kitambaa hicho, nikifuata mchoro wa Bibi ninavyoukumbuka. Mkono wangu ni mbaya. Mstari wa kwanza ulinichukua siku mbili, na nilipopitisha kidole juu yake hata mimi niliona kwamba haulali sawa. Nikaufumua. Mjukuu ameniuliza mara mbili viatu viko wapi. Nimemwambia fundi anahitaji muda, na huo nao ni uongo, nimeuongeza juu ya ule mwingine. Mpaka sasa nimeshona mistari kumi na minne ya mguu wa kushoto, na bado sijafika kwenye ndege.